Revolva ya Mti

Juzi nilipeleka mkoba wangu kwa fundi viatu pale Adams Arcade, kishikio kilikuwa kimeng'oka. Fundi, kijana mwenye haraka zake, alichovya kipande cha ngozi ndani ya mkebe wa maji, akakiacha kilowe huku akinitafutia kigoda. Harufu ikapanda. Sijui kama umewahi kunusa ngozi mbichi ya fundi ikiwa imeloa. Si mbaya, na si nzuri. Ina kitu cha mnyama na kitu cha udongo baada ya mvua, na chini yake kuna uchachu kidogo kama wa maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni. Kijana akanitazama, akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni uzee tu. Uzee una faida hiyo moja, kwamba unaweza kuutwisha kila kitu usichotaka kueleza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu. Alikuwa fundi wa ngozi, Mluhya wa Bunyore aliyekuja Nairobi akiwa kijana, akajifunza kazi kwa Mhindi mmoja aliyeitwa Bwana Hirji. Duka la Bwana Hirji lilikuwa mjini, karibu na Bazaar Street, na nyuma yake karakana ndogo yenye mafundi wanne. Sisi tulikaa Parklands, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Bwana Hirji mwenyewe, ndani ya ua wa kayaba wenye miiba mirefu kama vidole vyangu. Mama alifua na kupiga pasi nguo za nyumba kubwa. Tulikuwa watoto wanne na mimi, Roda, ndiye niliyekuwa mkubwa. Ninayokusimulia yalitokea mwaka wa hamsini na tatu, nikiwa na miaka minane.

Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa na mikono mitatu, na ule wa tatu ulikuwa wa kushika visivyonihusu. Alilisema kwa kucheka. Baadaye aliacha kulisema.

Mwaka huo nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya wapiganaji wa msituni, wengi wao Wakikuyu, na Wazungu hawakutembea bila silaha. Walienda nazo kanisani, sokoni, hata kwa daktari wa meno. Bwana Hirji, aliyekuwa ametengeneza matandiko ya farasi maisha yake yote, aliona ghafla kwamba hakuna tena anayeulizia matandiko. Kila aliyeingia alitaka kitu kimoja, ala ya ngozi ya kutilia bastola, ya kufungwa kwenye mshipi. Baba na wenzake walizitengeneza mpaka vidole vikapasuka.

Kwa hiyo neno revolva nililijua kabla sijaijua bunduki. Kwanza lilikuwa jina la koleo la Baba la kutobolea mishipi. Kichwa cha koleo lile kilikuwa na meno sita ya unene mbalimbali; unakizungusha hadi upate tundu unalolitaka, kisha unabana, na kijiduara cha ngozi kinadondoka mithili ya dengu. Mafundi wote waliliita revolva kwa sababu ya kule kuzunguka. Mama naye aliliazima neno akampachika mdogo wangu Esta, asiyeweza kukaa mahali pamoja. Alimwita hivyo hata mbele ya wageni: "Shikeni hiyo revolva kabla haijamwaga maziwa." Halafu kulikuwa na revolva zenyewe, za viunoni mwa Wazungu, ambazo mimi niliziona kwa mbali tu, kitako kikichungulia. Na kulikuwa na ile ya mti.

Hii ya mti lazima niieleze vizuri, maana hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Ala ya bastola haishonwi hivi hivi kama mfuko wa sukari. Ngozi inaloweshwa mpaka iache kutoa mapovu, kisha inavikwa juu ya kitu chenye umbo la bastola yenyewe, inabanwa, inasuguliwa kwa kipande cha mfupa uliolainishwa, inaachwa ikauke hapo hapo. Ikikauka imeshalishika lile umbo, wala hailiachi. Lakini hakuna Mzungu ambaye angeiacha bastola yake kwa fundi Mwafrika hata kwa dakika tano, na hata angetaka, sheria isingemruhusu. Basi Bwana Hirji alisimama na karatasi na penseli, mteja akaishika silaha yake mkononi, na Bwana Hirji akaichora ubavu, juu na mbele. Michoro ile ilipewa Baba, naye akaichonga kwenye mti. Kitu hicho walikiita kalibu.

Mafundi wengine walichonga kalibu butu, zenye umbo tu. Baba hakujua kufanya kitu nusunusu. Alichonga uvimbe wa lile pipa la risasi na mifereji yake yote, akachonga kifyatuo, akachonga hata mikwaruzo ya pale mkono unaposhika. "Ngozi inajua ukiidanganya," alikuwa akisema. Na kila ala iliyovikwa juu ya kalibu ile iliiachia rangi nyeusi kidogo na nta kidogo, mpaka mti ukawa mweusi, unang'aa, una uzito wa kitu cha chuma. Kwa hatua kumi ungeinua mikono juu.

Bwana Hirji alikuwa mtu mwoga kwa kiasi chake, na woga wake mwaka ule ulikuwa wa busara. Kalibu zote zilifungiwa kabatini kila jioni na ufunguo akaenda nao. Hakuna hata moja iliyoruhusiwa kutoka karakanani. Baba alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Lakini Jumamosi duka lilifungwa saa saba mchana, na ngozi haijui Jumamosi. Ukiivika kalibu asubuhi ukaiacha mpaka Jumatatu bila kuisugua, inakauka ikiwa na makunyanzi, imeharibika, hata mbwa hawezi kuvalishwa. Baba hakuweza kulivumilia jambo hilo. Jumamosi moja aliifunga ala ikiwa juu ya kalibu yake ndani ya aproni, akaifunga nyuma ya baiskeli na kuja nayo nyumbani. Hakuna aliyemwona. Jumamosi iliyofuata akafanya tena, na baada ya hapo ikawa mazoea.

Akishaisugua ikauka, aliichomoa kalibu, akaiweka juu ya rafu nyuma ya taa, akakaa nje kushona kingo za ala. Hapo ndipo mkono wangu wa tatu ulipoingia.

Usicheke. Sikuichukua kalibu ile nicheze askari. Niliichukua nimfanye mtoto. Binti ya Bwana Hirji alikuwa na mwanasesere wa dukani mwenye macho yanayofunga akilazwa, na mimi sikuwa na chochote. Kitako cha kalibu kilipinda vizuri, kama kichwa cha mtoto aliyelala ameegemea. Niliizungushia kipande cha leso kuukuu ya Mama, nikaifunga mgongoni, nikazunguka nayo uani nikiimba. Nilimpa jina la Tabitha. Nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo hata leo.

Aliyemjua Tabitha alikuwa mtu mmoja tu, Mama Njeri. Huyu alikuwa mwanamke Mkikuyu wa Mutuini, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele na sauti ya kukwaruza. Kila Jumanne na Jumamosi alikuja kwa miguu tangu alfajiri na kiondo kikubwa cha mboga, kamba imepita juu ya kipaji cha uso, akauza nyumba hii na nyumba ile mpaka kiondo kiwe chepesi. Mume wake alikuwa ameshachukuliwa kwenye msako na hakuwa amerudi. Nyumbani alikuwa na Njeri, msichana wa rika langu, na wadogo zake, wa mwisho bado akinyonya. Hayo yote nilimsikia akimwambia Mama, wakiwa wamekaa ngazini, mmoja na Kiswahili chake cha Bunyore na mwingine na chake cha Mutuini, na walielewana vizuri sana.

"Kairitu," aliniambia siku ya kwanza alipomwona Tabitha, maana ndivyo alivyoniita, msichana mdogo kwa lugha yao, "hiyo mtoto yako inalala sana. Hainyonyi?"

"Ni mgonjwa," nikasema.

Akanipa njegere tatu za kumpa mtoto dawa. Alinipa kwa uso mkavu kabisa, bila hata kutabasamu. Ndivyo alivyokuwa.

Wiki iliyofuata leso ilifunguka mbele yake na Tabitha akaanguka kwenye majani. Mama Njeri aliinama kumwokota. Aliigeuza kalibu ile mara moja, mara mbili, akatazama lango, akatazama nyumba kubwa, akaizungushia leso upesi kuliko nilivyowahi kuona mtu akifunga kitu.

"Hii ni ya fundi?"

"Ndiyo."

"Usicheze na hii tena. Umesikia mimi? Mwambie baba yako afungie."

Niliitikia ndiyo. Sikumwambia Baba neno lolote, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukiri kwamba nilifika kwenye rafu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, mchana unaelekea jioni, mawingu yamejaa upande wa Ngong. Mama Njeri alikuwa amemaliza kuzunguka, akapitia kwetu mwisho kama kawaida, na memsahib, mke wa Bwana Hirji, akamwita ndani wabishane juu ya biringanya. Kiondo alikiacha mlangoni kwetu. Kilikuwa na kabichi mbili tu zilizobaki na majani ya mgomba chini. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na Tabitha mgongoni, maana onyo la Mama Njeri lilikuwa limenikaa siku tatu tu.

Baba alikuwa ameshaisugua ala yake, akatoka kidogo kununua uzi; sasa nikasikia kengele ya baiskeli yake langoni. Papo hapo Mama akaniita kutoka nyuma, "Roda!", kwa ile sauti ya kuita mara moja. Sikuwa na muda wa kufika kwenye rafu. Nilimfungua Tabitha, nikamsukuma chini ya majani ya mgomba ndani ya kiondo, nikaweka kabichi juu. Nilikusudia kumtoa mara tu Mama atakaponiachia.

Mama alitaka nianue nguo kabla ya mvua. Zilikuwa shuka za nyumba kubwa, kama nane, ndefu kuliko mimi, na upepo ulikuwa umeanza. Nilizianua nikizikanyaga, Mama akanigombeza, tukazikunja. Nilipotoka mbele kiondo hakikuwepo.

Nilikimbia mpaka langoni. Mama Njeri alikuwa amefika kwenye kona, mgongo umeinama, anakwenda kwa hatua fupi za haraka za mtu anayeikimbia mvua. Hakuwa mbali. Sauti yangu ingemfikia, nilikuwa mtoto mwenye kelele. Lakini Baba alikuwa barazani nyuma yangu, ameipindua baiskeli, anapaka mnyororo mafuta. Ningeita, angeuliza naita nini. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikajiambia atarudi Jumanne, atanirudishia kwa siri na kunisema kidogo, na yatakwisha. Mama Njeri akapinda kona.

Jumapili Baba hakwenda kanisani. Alitafuta kalibu juu ya rafu, chini ya kitanda, kwenye unga, ndani ya godoro. Alituuliza mmoja mmoja. Mimi nilisema sijui, na nikalisema vizuri, nikimtazama machoni. Saa tano hivi aliacha kutafuta. Akachukua kipande cha mti kilichokuwa cha mguu wa meza, akakaa kwenye ngazi na kisu na msasa, akachonga nyingine kwa kumbukumbu ya mikono tu, akaipaka rangi na nta mpaka ikafanana. Jumatatu asubuhi aliipeleka mjini ndani ya aproni. Kabati la Bwana Hirji likawa kamili, na hakuna aliyejua. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi nzuri kama ile kwa siku moja.

Jumanne tulikuwa tunakunywa uji, Baba amevaa tayari, wakati mpishi wa nyumba kubwa alipokuja kusimama mlangoni.

"Mama ya mboga hakuji leo," akasema. "Ameshikwa. Jumamosi, pale kwa geti ya Ngong Road. Wamepata bunduki ya mti ndani ya kiondo yake. Anasema aliokota kwa mtaro."

Geti hiyo ilikuwa gogo lililolazwa kukata barabara, mbele kidogo ya pale ambapo baadaye walijenga Adams Arcade. Kila Mkikuyu aliyepita alipekuliwa. Kijiko cha Baba kilikuwa kimesimama katikati ya bakuli na mdomo. Alinitazama. Hakuwatazama wengine, alinitazama mimi, na nikajua kwamba ameona yote, rafu, leso, na kiondo. Nikangoja.

"Roda," akasema, "kunywa uji wako, mama."

Basi. Sikuchapwa. Sikuulizwa. Kwa siku nzima nilitembea mabega yamekunjamana nikisubiri fimbo, na fimbo haikuja, si siku ile wala siku nyingine. Nilijiona nimebahatika. Kilichonishangaza ni Mama Njeri. Alijua ile ni ya fundi, aliishika kwa mikono yake. Kwa nini alisema ameiokota? Nikadhani ameogopa. Nikadhani amesahau. Mtoto anayetaka kulala usingizi hakosi sababu.

Alhamisi Baba alimwambia Bwana Hirji kwamba jino linamuuma, akarudi nyumbani asubuhi, akavaa koti lake la kanisani. Mama alimfungia vifungo. Aliondoka kwa miguu, akaiacha baiskeli. Alirejea alasiri, akakaa ngazini na koti lake, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nimemshika Esta asipige kelele.

"Nimefika mpaka kwa geti," alimwambia Mama. "Kulikuwa na watu wamechuchumaa kwa mstari, mikono juu ya kichwa. Wanawake pia. Nikasimama pale. Askari akaniuliza, wewe unataka nini? Nikasema nimepotea njia."

Mama akainama kumfungua kamba za viatu. "Una watoto wanne," akasema.

"Najua."

"Na Hirji je? Ungemwambia nini?"

"Najua, Mama Roda. Najua."

Nilisikia faraja kubwa. Nakwambia ukweli, kwa sababu nisipousema huu hakuna haja ya kusimulia mengine. Nilisikia faraja kwamba baba yangu amerudi, na kwamba hakusema, na kwamba sasa hakuna atakayejua.

Baada ya hapo Baba hakuleta tena kazi nyumbani. Aliacha kupiga mluzi, jambo ambalo sikuligundua mpaka siku moja nilipousikia mluzi wa mtu mwingine njiani nikashtuka. Mboga tukawa tunanunua kwa Mhindi wa mkokoteni. Mama aliposhika njegere alizimenya haraka haraka. Hakuna aliyelitaja jina la Mama Njeri, na sisi watoto tukajifunza kutolitaja kama watoto wanavyojifunza kutotaja mengi, bila mtu kuwafundisha.

Miaka ikaenda. Nilisoma, nikawa nesi, nikaolewa, nikazaa. Baba alirudi Bunyore na pensheni ya macho mabovu na vidole vilivyopinda. Alifariki mwaka wa sabini na tisa. Usiku wa matanga watu walisimulia jinsi alivyokuwa fundi wa pekee, jinsi alivyokuwa haachi kitu nusu, na mimi nilikaa pale nikiikumbuka kalibu ile. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Niliporudi Nairobi niliomba ruhusa ya siku moja kazini, nikaenda Mutuini.

Haikuwa shida kumpata. Niliuliza Mama Njeri aliyekuwa akiuza mboga Parklands zamani, na wakanionyesha nyumba ya mabati yenye ng'ombe wawili na majani ya malisho mpaka mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye gunia anapepeta maharagwe. Pengo la jino lilikuwa limepata wenzake. Nilipomtajia jina langu na la Baba, alinitazama muda mrefu.

"Kairitu," akasema.

Alinipa chai kwa kikombe cha bati. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya leso, kabichi, shuka, kona, na jinsi nilivyofungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa aniinukie, anifukuze, au alie. Aliendelea kupepeta.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Askari alitoa, mimi nikaona. Nikasema kwa roho yangu, hii ni ya fundi, yule mtoto ameweka."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningeambia hawa, wangekuja na lori kwenu. Wachukue baba yako, wachukue hata mama. Hawakuwa watu wa kusikiza. Nikasema nimeokota." Alitupa makapi pembeni. "Nikafikiria hivi. Fundi atasikia. Yeye si Mkikuyu, anaweza tembea. Ataenda kwa Muhindi yake, Muhindi atakuja na gari na zile zingine za mti, aonyeshe Mzungu, aseme hii ni ya kazi. Muhindi husikizwa. Nikasema ni siku mbili, siku tatu. Wiki."

Aliniambia kwamba wiki ile ya kwanza, kila gari lililoingia pale walipowaweka, alisimama kuangalia. Wenzake walimcheka. Baadaye walipelekwa kambi ya mbali, na huko magari yalikuwa machache. Alikaa miaka mitatu. Aliporudi alimkuta Njeri ameacha shule zamani, na yule mtoto aliyemwacha akinyonya anamwita Njeri mama. Alilisimulia hilo kwa uso ule ule mkavu wa kutoa njegere za dawa. Mimi ndiye niliyelia, na akaniacha nilie bila kunibembeleza, na alikuwa na haki.

Kisha akaweka ungo chini.

"Na baba yako," akasema. "Alikuja kujua?"

Nilikuwa nimekwenda Mutuini kusema kila kitu. Nilikipanga basini, neno kwa neno, mpaka lile koti la kanisani, mpaka askari na lile jibu la kupotea njia. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameacha kila kitu, mikono imetulia juu ya magoti, anangoja.

"Hakujua, Mama," nikasema. "Alidhani imepotea tu."

Alishusha pumzi ndefu. "Nilikuwa nasema hivyo. Wale wengine walikuwa wananiambia, huyo mtu wako amekuacha. Nikasema hapana, hajui. Angejua angekuja."

"Angekuja," nikasema.

Aliniwekea maharagwe kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani. Njiani nilijisifu kwamba nimemfariji mtu mzima. Nilijisifu kwa miaka mingi, hata baada ya kusikia amezikwa.

Leo ninaelewa mambo ambayo yule mtoto wa Parklands hakuweza kuyaelewa. Ninaelewa kwamba Baba hakunichapa kwa sababu kunichapa kungekuwa kusema, na ua wote ungeuliza nimekosa nini. Ninaelewa kwamba siku ile alipovaa koti alikuwa jasiri kuliko nilivyojua, na kwamba alipogeuka nyuma kwenye gogo lile aliacha pale kitu ambacho hakukipata tena. Sijui kama mimi ningefanya vingine. Nina watoto na najua mkono wa mtoto unavyomvuta mtu nyuma.

Kwa muda mrefu niliamini kosa langu ni kukitia kile kipande cha mti ndani ya kiondo. Halafu nikaamini ni kule kufunga mdomo langoni. Lakini mtoto wa miaka minane husamehewa yote mawili, na Mama Njeri alikuwa amekwisha kunisamehe kabla sijafika. Alichokitaka kwangu ni kimoja tu, ajue miaka mitatu ya maisha yake aliitoa kwa mtu wa namna gani, ili kama ni kumlaani amlaani na kama ni kumwonea huruma amwonee mwenyewe. Nikamnyima, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nimeshika kikombe cha chai yake.